Huwezi Kumrudisha Asikotoka

Nianze kwa kukiri. Sehemu ya bumu la semista ya pili, pesa ambayo wenzangu walilipia madeni ya kantini, mimi nilinunulia samaki watano wadogo pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Kila mmoja alikuwa na urefu wa kidole cha kati hivi, wa rangi ya fedha, mistari myeusi kutoka nyuma ya kichwa hadi mkiani, na meno. Meno ndiyo yaliyonimaliza. Hata akifunga mdomo yanaonekana, yamepishana kwa nje kama zipu. Kijana aliyeniuzia alisema ni vitoto vya kibebe. Mimi nikasema ni goliati, maana nilikuwa nimeshaangalia video za kutosha.

Niliwapakia kwenye dumu la lita 20 lililokatwa juu, na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, nikapanda nao basi: Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, halafu gari la Ngara. Kondakta alidhani nimebeba mawese. Walifika watatu. Baada ya wiki mbili wakawa wawili, na asubuhi moja nikakuta mmoja, tumbo limemtuna, mkia wa mwenzake unachungulia mdomoni.

Niliweka picha yake kwenye status, na hapo ndipo balaa la pili lilipoanza. Tangu siku ile wadau wamekuwa wakiniuliza kwenye korido za hosteli: "Mwana, taiga nampata wapi?" Binamu yangu wa Biharamulo, anayesimamia nyumba ya wageni, alitaka watatu wa kuweka mapokezi ili wageni wapige nao picha. Kwa kuwa wanaouliza wameongezeka, na kwa kuwa jibu langu la leo si lile nililokuwa natoa mwanzo, nimeona niliandike mara moja lisomwe na wote. Jibu ni hili: ukiwa upande wetu wa Kagera, Ngara, Biharamulo na kote ambako maji yanaelekea Ziwa Viktoria, usilete kibebe akiwa hai. Hata mmoja. Hata kwa tanki zuri.

Sababu nitazieleza, ila kwanza tumjue tunayemzungumzia, maana nusu ya ubishi huu unatokana na watu kutojua samaki gani yuko mbele yao.

Neno "taiga" kwenye maduka ya samaki wa mapambo halina maana moja. Kuna kasamaki kadogo kutoka Asia kenye mistari minne wima, kanaitwa taiga. Kuna oska kutoka Amerika Kusini mwenye mabaka ya rangi ya machungwa, naye taiga. Kuna kambare mrefu wa huko huko Amerika Kusini, naye anauzwa kwa jina hilo. Hao hawahusiani kabisa na wa kwetu. Taiga wa Afrika ni jenasi inayoitwa Hydrocynus, jina la Kigiriki lenye maana ya mbwa wa maji, na anayemjua hawezi kumchanganya: mwili mrefu wa kukimbia, mistari inayolala kufuata safu za magamba, meno makubwa ya ncha kali yaliyopangwa mstari mmoja, na pezi dogo la mafuta mgongoni karibu na mkia. Kwenye Ziwa Tanganyika ni kibebe. Waturkana wanamwita lokel, na Waganda wanaovua Ziwa Albert wanamwita ngassa. Kongo, yule jitu mwenyewe anaitwa mbenga.

Vitabuni majina yako matano. Wa Naili, forskahlii, aliandikwa mwaka 1819. Vittatus, ambaye yuko Zambezi, Okavango, sehemu kubwa ya Kongo na Tanganyika, aliandikwa 1861. Brevis wa Naili na Afrika Magharibi alifuata 1864, na goliath wa bonde la Kongo 1898. Wa mwisho ndiye wa kujivunia: Hydrocynus tanzaniae, wa mito ya Ruvu na Rufiji, ambaye hakupewa jina lake mpaka mwaka 1986. Yaani miaka ile wazazi wetu wengine wako sekondari, samaki mla samaki wenzake anayeogelea umbali mfupi tu kutoka Dar es Salaam alikuwa bado anahesabiwa kuwa mwingine. Na mambo hayajaisha. Mwaka 2011 ulitoka utafiti wa vinasaba uliopima taiga kutoka mito mbalimbali ya Afrika na kukuta koo nyingi zaidi ya hayo majina matano. Baadhi ya tunaowaita kwa jina moja wametengana kwa mamilioni ya miaka, kila mmoja na mto wake. Hilo la kila mmoja na mto wake lishike, nitalirudia.

Sasa mimi na goliati wangu. Nilimwonyesha picha mhadhiri mmoja, kwa mbwembwe zote, nikitegemea asifie. Akaiangalia kidogo akaniuliza, "Umehesabu magamba?" Sikuwa nimehesabu. "Umeangalia pezi la mafuta lina rangi gani?" Sikuwa nimeangalia. "Sasa umejuaje ni goliath?" Nikanyamaza. Ukweli ni kwamba nilijua kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Tangu Mwingereza Jeremy Wade aonyeshe kwenye runinga lile jitu la mto Kongo, mwaka 2010, kila mwenye kibebe kidoleni anaona goliati.

Nilirudi nyumbani likizo iliyofuata nikafanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya kwanza. Njia rahisi ni kumwingiza kwenye kisanduku chembamba cha kioo kwa dakika moja, ubavu wake ukae sambamba na kioo, upige picha ya karibu, umrudishe kwenye tanki. Usimshike kwa mkono. Atajeruhika yeye na utajeruhika wewe. Halafu unakuza picha na kuanza kuhesabu. Safu za magamba kati ya ule mstari wa ubavuni na shina la pezi la tumbo ni mbili kwa vittatus na forskahlii, tatu kwa brevis. Pezi la mafuta la vittatus ni jeusi, na ncha ya pezi la mgongo nayo nyeusi. La forskahlii ni la kijivu, na mwili wake mwembamba zaidi. Goliath ana magamba madogo na mengi zaidi kwenye mstari wa ubavu. Rangi ya mkia, ile nyekundu au njano ambayo watu hupenda kubishania, usiitegemee sana, hasa kwa samaki mchanga au aliyeshtuka, maana hupauka. Na kuliko yote, andika alikotoka: mto gani, ziwa gani, mwalo upi. Samaki asiye na anwani ni mgumu kumtambua kuliko asiye na kichwa. Ukikwama, pale Kigoma kuna kituo cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi. Picha nzuri yenye rula pembeni na jina la mahali ina thamani kuliko video ishirini za dakika moja.

Wangu alikuwa na safu mbili na pezi jeusi tii. Vittatus. Kibebe wa kawaida, kama yule kijana wa Kibirizi alivyoniambia bila kuhesabu chochote.

"Kawaida" isikudanganye lakini. Vittatus anaweza kufika mita moja. Rekodi ya dunia ya wavuvi wa ndoano, samaki wa kilo 16 na kidogo, ilipatikana Ziwa Kariba mwaka 2001. Na mwaka 2014 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha ushahidi kwamba kwenye bwawa moja la huko samaki hawa huruka juu ya maji na kudaka mbayuwayu hewani. Rudia hapo. Ndege anapita zake, samaki anamdaka. Huyu ndiye nilikuwa nimemweka sebuleni kwa mjomba, kwenye tanki ambalo fundi vioo alilibandika kwa silikoni, sentimita 120 kwa 45 kwa 45. Piga hesabu, ni lita 243 ukijaza mpaka juu, na huwezi kujaza mpaka juu kwa sababu anaruka.

Nilisoma baadaye kwamba wanaowafuga kweli, huko Japani na Ulaya, wana matangi ya maelfu ya lita, mengine ni mabwawa ya ndani ya nyumba, yenye mkondo wa maji unaosukumwa na mashine usiku na mchana. Kibebe ni samaki wa mkondo na maji mapana. Anahitaji hewa nyingi. Umeme ukikatika Ngara, na unakatika, samaki wengine wanapanda juu kupumua na kuvumilia. Yeye anaanza kupiga kioo kwa pua. Mdogo wangu, binti wa mjomba, ndiye aliyebaki naye nilipokuwa chuoni, na alikuwa akiamka saa nane usiku kuchota maji kwa jagi na kuyamwaga tena kutoka juu ili yaingie hewa. Mtoto wa kidato cha pili! Aliniandikia siku moja: "Dada, samaki wako ameng'oka meno yote." Nikajua ndiyo mwisho. Kumbe si ugonjwa. Kibebe hubadili meno ya taya zima kwa pamoja, yakang'oka yale ya zamani kwenye mchanga na mapya yakaota baada ya siku chache. Meno yale tunayo mpaka leo.

Kwa miezi kumi alikua kutoka urefu wa kidole hadi sentimita 22. Kwenye tanki lenye upana wa 45, samaki wa 22 anageuka kama lori la mizigo kwenye uchochoro. Pua ilikuwa na kidonda kisichopona. Hakutaka chakula kilichokufa mpaka alipokaa na njaa siku kadhaa. Alitaka kinachokimbia, na mdogo wangu alimaliza vijisamaki vya kijito chote cha nyuma ya shule. Huo haukuwa ufugaji, ilikuwa kumtesa samaki na kumtesa mtoto wa watu, na kwa hilo peke yake ningeweza kusema acheni. Lakini si hilo lililonifanya niandike.

Mjomba ndiye aliyeamua hatua iliyofuata, au alitaka kuamua. Jioni moja, tumekaa nje, akaniambia kwa upole wake, "Sasa mjomba, huyu samaki anateseka. Kesho nina safari ya upande wa Rusumo. Kwa nini nisimrudishe mtoni?"

Lilikuwa pendekezo la mtu mwenye huruma. Nikataka kusema ndiyo, hata ulimi ulishaanza. Neno moja ndilo lililonikwaza: kumrudisha. Hakutoka huko. Kibebe hajawahi kuwa Ruvubu, hajawahi kuwa Kagera, hajawahi kuwa Ziwa Viktoria la leo. Nilimleta mimi, kwa dumu, juu ya basi.

Fikiria ile njia niliyopita. Maji ya Kakonko na Kibondo yanaingia Muyovozi na Malagarasi, yanashuka Ziwa Tanganyika, yanatoka kwa mto Lukuga, yanaingia Kongo na kuishia Bahari ya Atlantiki. Upande wote huo kibebe yuko kwao. Mabwawa na vinamasi vya Moyowosi vinamjua vizuri. Ukishaiacha Kakonko ukaja huku kwetu, mahali fulani kwenye ile miinuko ambayo abiria wengi wanakuwa wamelala, unavuka mgongo. Hakuna kibao. Kuanzia hapo, maji ya Ngara yanakwenda Ruvubu na Kagera. Ruvubu inatoka Burundi, na mkono wake wa mbali, Ruvyironza, ndio unaohesabiwa kuwa chanzo cha kusini kabisa cha Naili. Pale Rutovu wamejenga hata piramidi. Inakutana na mto wa Rwanda juu kidogo ya maporomoko ya Rusumo, hapo hapo lilipo bwawa la umeme la megawati 80 la nchi tatu, kisha Kagera inapanda kaskazini, inakunja mashariki, inaingia Viktoria. Mvua moja inayonyesha juu ya mgongo ule, tone la kushoto linaishia Atlantiki na tone la kulia linaishia Mediterania. Biharamulo iko karibu kabisa na ukingo huo. Sisi wa huku tunaishi juu ya paa la nyumba lenye miteremko miwili na wengi hatujui.

Utaniuliza, sasa kama Naili ina taiga, si wangepanda tu wenyewe? Wapo, kweli, Ziwa Albert na kushuka chini. Lakini kati yao na sisi kuna maporomoko ya Murchison, kule Uganda, ambako Naili yote inajibana kwenye mwanya wa mita chache na kuanguka mita zaidi ya 40. Hapo samaki wa chini ndipo safari ilipokwama. Samaki wa juu ya maporomoko wakakaa wao kwa wao, na ndiyo maana Viktoria ilipata furu wa kila aina, zaidi ya spishi 500, wasiopatikana popote pengine.

Kuna samaki mwingine ambaye maporomoko yale yale yalimzuia: sangara. Yeye hakupanda. Alibebwa, miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, kutoka bonde la Ziwa Albert. Mnajua kilichofuata. Ilikuja biashara ya minofu, vilikuja viwanda Mwanza, watu walijenga nyumba na kusomesha watoto, siwezi kulikana hilo na pengine kuna anayesoma makala hii ambaye ada yake ya sekondari ilikuwa sangara. Na katika miaka ya 1980 spishi za furu zinazokadiriwa kufika 200 zikatoweka au zikawa hazionekani tena. Yote mawili ni kweli.

Na kama unadhani wafugaji wadogo wa mapambo hawawezi kufanya jambo kubwa kiasi hicho, angalia gugu maji. Lile ni ua. Lilitoka Amerika Kusini, watu wakalipanda kwenye mabwawa ya bustani zao kwa sababu linapendeza, lile la zambarau. Halikushuka Viktoria kwa ndege. Mto Kagera ndio ulioleta sehemu kubwa, likielea kutoka Rwanda, likapita Rusumo hapo kwetu, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 likawa ziwani. Miaka ya 1990 meli zilikwama, boti za wavuvi zilishindwa kutoka mwaloni. Ua la mtu fulani! Kila ninapovuka daraja la Rusumo na kuona majani yale yanapita chini, ninakumbuka kwamba hii ni barabara ambayo tayari imeshatumika.

Nasema haya bila kutia chumvi. Samaki mmoja wa mjomba asingeweza kuzaa peke yake, pengine angekufa wiki ile ile. Ila mimi nilinunua watano. Binamu alitaka watatu. Wale wadau wa korido ni sita au saba. Na sote tuna mwisho mmoja: samaki anakua, tanki halikui, likizo inaisha, na mtu mwenye moyo mzuri anasema tumwachie mtoni. Tena Kagera ingemfaa sana, hilo ndilo tatizo. Ina mkondo, ina vinamasi vinavyofurika mvua zikija, na vittatus huzaa kwa kufuata mafuriko. Chakula kipo. Kuna soga, ambaye kiukoo ni ndugu yake, mpole asiye na meno ya kutisha. Kuna ningu, ambaye kila msimu wa mvua hupanda mito kama Kagera kutaga mayai, na ambaye nyavu za midomoni mwa mito zimeshammaliza kiasi kwamba kwenye orodha ya dunia ya viumbe vilivyo hatarini yuko daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Ningu aliyebaki hahitaji kukutana na kibebe njiani.

Rafiki yangu mmoja wa sheria, tunaishi naye chumba kimoja, alinibishia vizuri. Akasema kibebe si mgeni, ni samaki wa Tanzania, hata jina la nchi kapewa mmoja wao. Kutoka Kigoma kwenda Kagera ni kuhama mkoa tu, kama mimi nilivyohamia chuo. Nikamwambia mipaka ya mikoa waliichora watu, samaki hajaisoma. Kwa samaki, Kigoma mjini na Kalemie ya Kongo ni nyumba moja, na Kakonko na Ngara ni nchi mbili ambazo hazijawahi kupakana. Hata huyo tanzaniae wa Rufiji, ukimpeleka Malagarasi ni mgeni vile vile. Akanijibu kwamba basi nionyeshe kifungu. Haya, kuna Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake, na kuna Ofisa Uvuvi kwenye kila halmashauri. Kabla hujasafirisha samaki yeyote aliye hai, mwone huyo kwanza. Mimi sikumwona. Nilipita na dumu langu.

Ila sitaki mtu amalize kusoma akidhani nawakataza kufuga. Kinyume chake. Mwaka 1977 Wadachi wa Chuo Kikuu cha Leiden walianza utafiti wa furu kule Ghuba ya Mwanza, na walipoona sangara anawamaliza, walipeleka baadhi wakiwa hai kwenye matangi ya Uholanzi. Kutoka huko walisambaa kwenye bustani za wanyama na kwa wafugaji wa nyumbani, Ulaya na Marekani. Kuna furu ambao kwa miaka mingi walijulikana kuwa hai kwenye vioo tu, sebuleni kwa watu ambao hawajawahi kuliona ziwa lenyewe. Mtu wa Ulaya anamfahamu furu wa Mwanza kwa jina la kisayansi na rangi ya dume lake wakati wa kuzaa, na sisi tuliozaliwa hapa tunamwita chambo. Mimi nilipoanza kutafuta samaki wa kufuga nilisafiri siku nzima kwenda Kigoma. Sikuangalia kijito cha nyuma ya shule.

Furu anaishi kwenye tanki lile lile la lita 243 bila shida. Dume likiwa na eneo lake linawaka rangi ya buluu au nyekundu mpaka unadhani umeongeza taa. Jike anabeba mayai mdomoni, halili, na watoto wakishatoka wanacheza nje, wakiona hatari wanakimbilia mdomoni kwa mama. Wako wanaokula konokono, hata wale wanaobeba kichocho. Umeme ukikatika wanavumilia. Na akikushinda, unaweza kweli kumrudisha ulikomtoa, kijito kile kile, mradi hukumchanganya na samaki wa duka wenye magonjwa yao. Klabu ya biolojia ya chuo ingeweza kuwa na tanki moja la furu wa kila wilaya tunayotoka, wameandikwa jina na mahali. Hivi sasa kwenye maabara yetu kuna chupa za samaki waliokaushwa rangi na dawa, lebo zimefutika, na tunafaulu mtihani bila kumtambua hata mmoja.

Kuhusu kibebe wangu: nilimwambia mjomba asante, lakini mtoni hapana. Kumrudisha Kibirizi kungemaanisha dumu lingine na siku nyingine ya basi, na asingefika. Na hata angefika, amekaa miezi kumi akila samaki wa bonde lingine, angebeba minyoo na vidudu vyao kwenda nao. Mjomba alinyamaza kidogo. Akasema, "Basi ni wa sufuria." Alimpiga mara moja kichwani kwa mpini wa kisu, haraka, mdogo wangu akiwa ametumwa dukani. Hakufika robo kilo. Tulimla kwa ugali wa muhogo, watu watano, miiba mingi mno, na mdogo wangu alikataa.

Juzi binamu kanipigia kutoka Biharamulo. Kuna mtu Nyakanazi ana ndoo yenye samaki watatu wenye mistari, anasema ni goliati wa Kongo, anataka elfu thelathini. Nikamwuliza pezi la mafuta lina rangi gani. Akakaa kimya, nikasikia anainama, maji yakicheza kwenye ndoo. "Jeusi," akasema. Nikamwambia awanunue wote watatu, asiwaangalie sana usoni, na asiwapitishe popote isipokuwa jikoni.